Ziwa Aliloliulizia Rumanyika

Neno ufuko, ambalo wengine hulitamka ufukwe, humjia msomaji wa leo likiwa limefungamana na mchanga mweupe, minazi na watalii waliojilaza juani, kwa kuwa sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu fukwe za Afrika Mashariki inahusu mwambao wa Bahari ya Hindi. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, picha hiyo haifai: huku maji ni ya maziwa madogo yaliyolala mabondeni kati ya vilima virefu vya nyasi, kingo zake zimeshonana mafunjo, yaani mimea mirefu ya majini yenye vichwa vilivyotawanyika kama miavuli, na mahali ambapo mtu anaweza kuyafikia maji bila kuzama topeni ni pachache, panajulikana na wenyeji, na ndipo wanapoegesha mitumbwi na kunyweshea ng'ombe. Hata hivyo, ukingo wa namna hiyo uliwahi kuwa mahali pa mapumziko ya wageni kutoka mbali, na kumbukumbu walizoziacha zinastahili kusomwa upya, hasa na wasomaji wa Kiswahili, kwa sababu itakayoonekana.

Wageni wenyewe walikuwa maofisa wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, ambao waliondoka Zanzibar mwaka 1860 kwenda kutafuta chanzo cha Mto Nile, wakapita Tabora na kuelekea kaskazini magharibi kwa miezi mingi ya njaa, homa na kutorokwa na wapagazi. Karibu kila mtawala waliyepita kwake aliwadai hongo, neno ambalo leo humaanisha rushwa lakini wakati ule lilikuwa jina la ushuru wa njia, uliolipwa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba kabla msafara haujaruhusiwa kuendelea. Karagwe, iliyokuwa ufalme huru chini ya ukoo wa Wahinda, ilikuwa tofauti: Omukama wake, yaani mfalme, aliyeitwa Rumanyika, hakuwatoza hongo, bali aliwapokea kama wageni na kuagiza walishwe njiani. Ni vigumu kuielewa furaha iliyomo katika kurasa za Speke kuhusu Karagwe bila kukumbuka jambo hili, kwa maana mtu aliyedaiwa kila kituo kwa mwaka mzima huyaona maji na milima kwa macho mengine anapofika mahali asipodaiwa.

Walifika Bweranyange, makao makuu ya ufalme, tarehe 25 Novemba 1861, na katika maelezo ya Speke kuhusu mapokezi yao kuna habari ambayo wasimulizi wengi huipita haraka. Anaandika kwamba Rumanyika aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri, kisha akawauliza wanaionaje Karagwe, kwa kuwa yeye mwenyewe aliamini milima yake inashinda milima yote ya dunia; na ziwa je, hawakulipenda? Kiswahili hicho kilikuwa kimefika huko kwa biashara ya pembe za ndovu, iliyowaleta wafanyabiashara wa pwani hadi Kafuro, kituo chao kilichokuwa karibu na makao ya mfalme, miaka mingi kabla ya Mzungu wa kwanza. Linalogusa zaidi ni swali lenyewe. Imezoeleka kusemwa kwamba kuyatazama maji kwa ajili ya uzuri wake tu ni desturi iliyoletwa na wageni, na kwamba kwa mwenyeji ziwa ni samaki na kiu ya mifugo basi; lakini hapa ni mwenyeji aliyelitaja ziwa kwanza, akiwa na fahari ya mtu anayemwonyesha mgeni kitu anachokipenda.

Jibu la wageni lilikuwa kulipa ziwa hilo jina la nyumbani kwao. Grant aliona kwamba linafanana mno na Windermere, ziwa lililo kaskazini magharibi mwa Uingereza, na kwa hiyo wakaliita Windermere Dogo, jina lililoingia katika kitabu cha Speke cha mwaka 1863 na katika ramani zilizofuata. Wakati huo Windermere ya Uingereza ilikuwa imekwisha kuwa mahali pa mapumziko ya watu wa mijini, kwani reli ilifika karibu nayo mwaka 1847, licha ya upinzani mkali wa mshairi William Wordsworth, aliyehofia kwamba wingi wa watu ungeharibu utulivu wa maziwa. Wenyeji wa Karagwe, kwa upande wao, walikuwa na neno Rweru, ambalo asili yake ni weupe na ambalo hutumika kwa maji mapana yaliyo wazi. Speke mwenyewe alilisikia na kulitafsiri sawasawa alipokuwa katika ziwa jirani la Burigi. Neno hilo linaeleza hasa kinachoonekana kutoka kilimani jua linapopiga bondeni, na kwa sababu hiyo ni jina bora kuliko lile la kuazima.

Siku zilizofuata zilipita kwa ziara za ziwani, ambako wana wa mfalme walimsindikiza Speke kuwinda viboko, na kwa mazungumzo marefu na Rumanyika, aliyetaka kujua kama jua linalochomoza leo ni lile lile la jana au ni jingine jipya. Sikukuu ya Krismasi ilipofika, mfalme, aliyekuwa ameambiwa kwamba Waingereza hula nyama ya ng'ombe siku hiyo, aliwapelekea ng'ombe. Miaka 14 na ushei baadaye, mwaka 1876, Henry Morton Stanley naye alifika, akashusha katika ziwa hilo hilo mashua yake iliyobebwa vipande vipande, Lady Alice, na ikashindanishwa na mitumbwi ya Karagwe huku Rumanyika, aliyekuwa angali mfalme, akitazama kwa furaha.

Leo eneo hili lina hifadhi za taifa tatu zilizotangazwa mwaka 2019, yaani Burigi-Chato, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, ya mwisho ikiwa katika wilaya ambayo yenyewe ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Wageni wataongezeka, na watakaowaongoza wanayo haki ya kuanza masimulizi yao na swali la Rumanyika kabla ya kulitaja jina alilolitoa Grant.

Grant mwenyewe hakulifaidi sana ziwa alilolipa jina. Mwezi Desemba mguu wake ulivimba na kutoka kidonda kibaya, akashindwa kutembea. Speke alipoondoka kwenda Buganda mwezi Januari 1862, mwenzake alibaki Bweranyange, amelala kibandani chini ya uangalizi wa mfalme, hadi katikati ya Aprili alipochukuliwa kwa machela kuelekea kaskazini.