Lenzi bapa: Matumaini na mipaka katika vita dhidi ya TB

MKAZI wa Kibera au Kawangware anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili hushauriwa apeleke makohozi zahanati yapimwe kifua kikuu (TB). Katika mitaa hiyo ya Nairobi, ambako familia nzima huweza kulala katika chumba kimoja cha mabati chenye hewa haba, mgonjwa asiyetambuliwa mapema huambukiza wengine.

Tangu Robert Koch wa Ujerumani atangaze ugunduzi wa bakteria wa TB mnamo Machi 24, 1882, hadubini imekuwa nguzo ya vipimo hivyo. Lakini hadubini bora ni nzito na ghali, kwani hubeba lenzi kadhaa za kioo kilichosuguliwa kwa ustadi.

Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wakiongozwa na Federico Capasso, walionyesha njia nyingine: lenzi bapa kabisa. Juu ya kioo walipanga vijiguzo vya titani dioksidi vyenye kimo cha nanomita 600. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unene wa unywele hufikia makumi ya maelfu ya nanomita.

Msanifu hukokotoa kwa kompyuta upana au mwelekeo wa kila kijiguzo, ili mawimbi ya mwanga yarekebishwe na miale ikutane mahali pamoja.

Kikwazo ni rangi: lenzi sahili ya aina hii hukusanya mwanga mwekundu mahali tofauti na wa samawati. Kwa TB tatizo hilo huenda likawa dogo. Katika hadubini za taa za LED, ambazo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka 2011, bakteria waliotiwa dawa maalumu hung'aa kwa rangi moja dhidi ya giza.

Hata hivyo, ukali wa lenzi si kila kitu. Bakteria wa TB ana urefu wa nanomita 2,000 au zaidi, na hadubini ya kawaida humwona. Ugumu ni uchache wake: huhitajika takriban bakteria 5,000 katika mililita moja ya makohozi ili waonekane. Ndiyo maana mashine za GeneXpert, zinazotambua chembe za urithi za bakteria na zilizoidhinishwa na WHO mwaka 2010, zingali muhimu.

Lenzi bapa yaweza kuisogeza hadubini karibu na mgonjwa. Haiwezi kumwonyesha bakteria ambaye hayumo kwenye sampuli, wala kumpima mgonjwa asiyefika zahanati.