Timu ichezee kwao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu kandanda ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai. Nazungumzia zile ligi ndogo zinazochezwa majira ya kuchipua, wakati ligi kuu ya NFL imepumzika.

Ligi hizi huzaliwa na kufa. USFL ya kwanza ilicheza misimu mitatu tu, 1983 hadi 1985. AAF ilivunjika mwaka 2019 kabla ya msimu kwisha, wachezaji wakabaki bila kazi.

Wapo wasemao kuwa Wamarekani hawataki mpira wakati huo. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 2022 USFL mpya ilikusanya timu zake zote Birmingham kuchezea huko msimu mzima wa kawaida. Timu za miji mingine zikacheza mbele ya viti vitupu. Lakini St. Louis, mji ulioachwa na Rams mwaka 2016, mwaka 2024 ulijaza wastani wa watu zaidi ya 30,000 kuitazama Battlehawks.

Nawashauri viongozi wa ligi hizo wasitegemee televisheni peke yake. Mtu hushangilia timu ya kwao.

Mpenda Michezo,
Dar es Salaam.