Mwanamke Mnene katika Riwaya-Ramsa ya Mapenzi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwanamke mnene alivyopata nafasi ya mhusika mkuu katika riwaya za mapenzi zenye ucheshi, ziandikwazo Uingereza na Marekani tangu miaka ya 1990. Kwa muda mrefu mhusika wa aina hii aliwekwa pembeni: alikuwa rafiki wa kumfariji shujaa, au mtu wa kuchekwa. Yafaa basi tujiulize: alipoletwa katikati ya hadithi, je, alipewa haki sawa na wenzake?

Kwanza tukumbuke umbo la ramsa. Wapendanao hutenganishwa na kikwazo, kikwazo huzua vituko, na mwishoni kikwazo huondoka, wakaungana. Jane Austen aliutumia msuko huu katika Pride and Prejudice (1813), ambamo kikwazo ni kiburi na hukumu za haraka. Mhusika akiwa mnene, kikwazo ni nini? Kama ni mwili wake, mantiki ya ramsa yadai mwili huo ubadilike kabla ya harusi. Kama ni macho ya wamtazamao, basi wao ndio wapaswao kubadilika. Jibu la kila mwandishi kwa swali hili ndilo linalotuonyesha msimamo wake.

Tuanze na Bridget Jones's Diary (1996) ya Helen Fielding, iliyotokana na safu aliyoanza kuiandika katika gazeti la The Independent mwaka 1995. Bridget huanza kila siku ya shajara kwa kuorodhesha uzito wake, ulevi, sigara na kalori. Msomaji makini huona kwamba uzito huo ni wa kawaida kabisa. Unene umo katika hofu yake tu. Baada ya miaka 18 ya kujinyima anaufikia uzito aliouota, na rafiki zake wanamwambia kwamba anaonekana amechoka, afadhali alivyokuwa. Kicheko hapo kinauangukia mzani wenyewe. Hata hivyo, Fielding hakumleta mwanamke mnene hasa. Alifungua mlango tu.

Walioingia kwa mlango huo ni Wamarekani wawili. Katika Good in Bed (2001) ya Jennifer Weiner, Cannie Shapiro, mwandishi wa gazeti mjini Philadelphia, anagundua kwamba mpenzi wake wa zamani ameandika jaridani makala juu ya kumpenda mwanamke mnene. Fedheha hiyo ndiyo inayouendesha msuko. Baadaye Cannie anakonda kwa majonzi, na wembamba alioutamani haumletei raha yoyote. Katika Bet Me (2004) ya Jennifer Crusie, mama yake Min Dobbs anamhesabia vyakula vya wanga ili gauni la harusi ya dada yake limwenee. Cal, kwa upande wake, humlisha vizuri, na chakula kinageuka kuwa lugha ya mapenzi. Riwaya inakwisha Min hajakonda.

Hatua ya tatu ni ya karibuni. Katika Get a Life, Chloe Brown (2019) ya Talia Hibbert wa Uingereza, Chloe ni mweusi, mnene, na anaugua maradhi ya maumivu ya kudumu. Unene wake hauwi tatizo la kutatuliwa. Kinachomzuia ni woga wa kuachwa tena. Katika Spoiler Alert (2020) ya Olivia Dade, mtaalamu wa miamba aitwaye April hujiita mnene bila haya, kama mtu ajitajavyo kuwa mrefu.

Wapo watakaopinga kwamba katika riwaya hizi thamani ya mwanamke bado huthibitishwa na tamaa ya mwanamume mwenye sura nzuri. Mpenzi wa April, kwa mfano, ni mwigizaji mashuhuri. Hoja hii ina uzito, kwani hakimu aliyebadilika si lazima mahakama ibadilike. Lakini madhali fani hii humtunuku kila shujaa wa kike mpenzi wa kutamanika, kumnyima tuzo hiyo mwanamke mnene peke yake si uhakiki. Ni kurudia dhuluma ile ile.

Sisi wa Kiswahili tuna la kujifunza hapa, hasa tukijaribu kutafsiri. April tumwiteje? "Amenawiri" ni sifa, ila yaficha jambo ambalo yeye halifichi. "Bonge" na "tipwatipwa" huja na kicheko. Tukiongeza kiambishi cha ukubwa, tukasema "jimwanamke", tumekwisha kumtoa katika ngeli ya watu na kumtia dharau, kwani katika lugha yetu ukubwa huo aghalabu hubeba ubaya. Limebaki neno "mnene", ambalo lenyewe halina kosa. Lililochafuka ni matumizi yake. Kwa hiyo mfasiri hana budi kuliandika waziwazi, na kuliacha lizoeleke katika sentensi zenye heshima. Asipofanya hivyo, riwaya itakayomfikia msomaji wetu itakuwa imemwondolea mhusika huyu kile hasa alichopigania: kutajwa alivyo, na kupendwa alivyo.