Kusomea Udaktari Ukubwani: Hesabu Yake na Thamani Yake

Foleni ya kliniki inapopungua, mara kwa mara muuguzi au ofisa tabibu hunivuta pembeni na kuniuliza: "Daktari, nina miaka 32. Je, nimechelewa kusomea udaktari?" Huniuliza mimi kwa kuwa wanajua kwamba nilikuwa mwalimu wa Kemia na Baiolojia wa shule ya sekondari, na kwamba nilianza masomo ya tiba nikiwa na miaka 29.

Jibu langu huanza na hesabu. Hapa Tanzania shahada ya udaktari huchukua miaka 5, ikifuatiwa na mwaka 1 wa utarajali. Ubingwa huongeza miaka 3 au zaidi. Anayeanza akiwa na miaka 32 atamaliza utarajali akiwa na 38. Miaka hiyo itapita, asome asisome.

Mlango wa kuingilia

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni kidato cha sita chenye ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Ya pili ni stashahada ya utabibu kwa wastani unaotakiwa, pamoja na ufaulu wa sayansi katika kidato cha nne. Mwombaji na asome mwongozo wa TCU wa mwaka wake, kwani vigezo hurekebishwa. Mimi sikuwa na Fizikia ya kidato cha sita. Nilirudi kuifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikisoma usiku baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi wangu.

Anayelipa

Ada ni sehemu tu ya gharama. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni imeweka ukomo wa miaka 35 kwa mwombaji wa shahada ya kwanza, na mwenye ajira ya kipato hahesabiwi kuwa mhitaji. Mshahara wangu ulisimama. Mke wangu akailisha nyumba kwa genge la mboga na mkaa. Binti yetu alizaliwa katika wiki ya mitihani yangu ya mwaka wa pili, nami nilimwona siku ya nne. Deni hilo halilipwi kwa cheti.

Unachokuja nacho

Wodini, aliyenielekeza kutafuta mshipa wa mgonjwa alikuwa daktari mtarajali niliyemfundisha kidato cha pili. Niliona haya, kisha nikajifunza. Lakini nami nilikuwa na jambo la kutoa. Mama mmoja mwenye kisukari alilazwa kwa kushuka sukari: alijichoma insulini alfajiri, akaenda shambani bila kula. Faili lilionyesha kwamba alikwisha kuelimishwa. Mwalimu yeyote anajua kwamba ukiuliza darasa "mmeelewa?", litajibu "ndiyo". Nikamwomba mama yule anieleze yeye jinsi atakavyoitumia dawa kesho asubuhi. Hapo ndipo tulipobaini kwamba hakuna aliyemwambia habari ya chakula kwa namna aliyoielewa. Mpaka leo hakuna mgonjwa ninayemruhusu kabla hajanifundisha yeye.

Cicely Saunders wa Uingereza alikuwa muuguzi, kisha ofisa ustawi wa jamii wa hospitali baada ya maumivu ya mgongo kumwondoa katika uuguzi. Alianza kusomea udaktari mwaka 1951 akiwa na miaka 33, akahitimu mwaka 1957. Alikwisha kukaa kando ya vitanda vya wagonjwa waliokuwa wakifa kwa saratani. Akiwa daktari alisisitiza kwamba mofini itolewe kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice jijini London. Mgonjwa wa saratani anayekunywa mofini ya maji kwa vipindi hapa nchini anafaidi kanuni hiyo hiyo.

Kabla ya kujaza fomu

Keti na wa nyumbani mwako, mjibu maswali matatu: nani atalipa kodi ya nyumba kwa miaka 6? Nani atalea watoto wakati wa zamu za usiku? Je, kazi unayoitamani inahitaji udaktari, au ngazi inayofuata katika taaluma uliyo nayo itakufikisha?

Kwa wenzangu wanaoniuliza pale kliniki, basi, jibu ni hili: hamjachelewa, ila msijaze fomu hiyo peke yenu.