Usiku wa Manane, Nani Anaongoza Wodi?

Je, umeshawahi kuulizwa ukimaliza shule unataka kuwa nani? Shule nyingi tunazotembelea tunauliza swali hilo, na mikono ya udaktari huwa mingi kweli. Tukiuliza, "Na uuguzi?", darasa linacheka kidogo, halafu inainuka mikono miwili mitatu ya wasichana. Mvulana akithubutu kunyoosha wake, wenzake wanamzomea. Wengine wanasema waziwazi kwamba uuguzi ni wa yule aliyekosa maksi za udaktari.

Haya, tuanzie hapo hapo. Daktari anapita wodini asubuhi, anapima, anaandika kwenye faili, kisha anakwenda wodi nyingine au chumba cha upasuaji. Nani anabaki na mgonjwa? Ni nesi. Usiku wodi nzima inaweza kuwa mikononi mwa wauguzi wawili na mhudumu mmoja. Presha ya mgonjwa wa kitanda namba 7 ikianza kushuka saa tisa za usiku, wa kuiona ni yule aliye zamu. Asipoiona yeye, asubuhi daktari atakuta mambo yameharibika. Kuona mapema ndiyo kazi yenyewe, rafiki yangu, na kazi hiyo inataka akili.

Watu wazima hupenda kusema kwamba uuguzi ni wito. Sawa, lakini neno hilo linawatisha vijana, kana kwamba ni lazima kwanza usikie sauti ikikuita usingizini. Ukikaa na wauguzi wakakueleza ukweli, utasikia sababu za kawaida kabisa: shangazi yangu alikuwa nesi, nilitaka ajira, chuo ndicho kilichonipokea. Maana ya kazi wameikuta humo humo kazini. Mmoja aliipata wodi ya watoto, mwingine leba, mwingine kwenye wagonjwa wa akili ambao ndugu zao waliacha kuja kuwaona. Kwa hiyo usijione huna wito eti kwa sababu una miaka 16 na bado hujui. (Na mtu akikuambia ni wito ili usidai posho yako ya zamu ya usiku, huyo mwangalie vizuri. Mwenye nyumba hapokei wito.)

Sasa tuje kwenye uongozi. Vijana wengi wanadhani kuongoza wauguzi ni kupanga zamu na kufokea waliochelewa. Hebu tuone inavyokuwa mambo yakichacha.

Mama amejifungua salama, mtoto analia vizuri, kila mtu anatabasamu. Baada ya dakika chache damu inaanza kutoka, haikatiki. Mama baada ya kujifungua akipoteza nusu lita ya damu au zaidi, hiyo ni hatari, na damu kutoka nyingi ni moja ya sababu kubwa zinazoua kina mama duniani. Hapa kuna kazi nyingi za kufanywa kwa pamoja: mmoja akande tumbo ili mji wa mimba ujikaze, mwingine achome sindano, mwingine afungue dripu, mwingine amwite daktari na kufuatilia damu maabara, na mmoja aandike saa na dawa zilizotolewa.

Kiongozi asiyejua kazi atapiga kelele: "Jamani, mtu aweke dripu!" Unajua kitakachotokea? Watu watatu wataikimbilia dripu, au hakuna hata mmoja, kwa sababu kila mtu anadhani mwenzake ameshasikia. Kiongozi anayejua atasema: "Asha, fungua dripu, ukimaliza niambie." Naye Asha atajibu: "Dripu nafungua mimi." Akimaliza: "Dripu inakwenda." Ni maneno machache tu, lakini kila kazi imepata mwenyewe. Ndiyo maana kiongozi mzuri wa wodi anajua majina ya watu wake wote, hata mwanafunzi aliyeripoti jana, hata anayepiga deki.

Habari hii ya majina ina ushahidi, na sehemu ya ushahidi wenyewe imetoka hapa nyumbani. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha wakati wa upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, mmoja ukiwa Ifakara mkoani Morogoro; mingine ilikuwa pamoja na London, Toronto, Manila na New Delhi. Kazi inasimama mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Katika kusimama mara ya pili kila aliyemo anataja jina lake na kazi yake. Kabla ya kutoka, muuguzi anathibitisha kwa sauti kwamba vifaa, sindano na vitambaa vya damu vimehesabiwa na vimetimia. Mara nyingi anayeisoma orodha hiyo ni muuguzi. Yaani daktari bingwa amesimama na kisu mkononi, anamsubiri nesi aseme.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Kwa miji yote minane pamoja, kabla ya orodha walikufa wagonjwa 15 kati ya kila 1,000. Baada yake walikufa 8. Lakini usidhani karatasi ina uchawi. Mwaka 2014 watafiti waliangalia hospitali 101 za Ontario, Kanada, zilizoanza kutumia orodha hiyo, wasione tofauti kubwa. Mimi naona kuweka alama ya vema ni rahisi, hata huku umefunga mdomo. Kama nesi mdogo anaogopa kusema "daktari, kitambaa kimoja hakionekani", orodha haitamsaidia mgonjwa. Kazi ngumu ya kiongozi ni kumfanya yule mdogo aseme bila kuogopa, na akisema kitu ambacho kumbe hakikuwa tatizo, asichekwe.

Hata Florence Nightingale, ambaye wengi wanamjua kwa ile taa yake tu, hakufika hospitali ya vita ya Scutari peke yake mwaka 1854. Alikwenda na wanawake 38. Pamoja na taa, alikuwa mtu wa kuhesabu: waliokufa wangapi, kwa ugonjwa gani, mwezi gani. Hizo hesabu ndizo alizowapelekea wakubwa wa serikali Uingereza.

Ukivutiwa, basi komaa na Biolojia, Kemia na Fizikia, ndiyo masomo vyuo vinayoangalia kwanza. Hapa Tanzania stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu, na shahada ya chuo kikuu ni minne. Ukihitimu bado huruhusiwi kuhudumia wagonjwa mpaka Baraza la Uuguzi na Ukunga likupe leseni. Mvulana, milango ni ile ile.

Wakati unasubiri, kama kwenu kuna zahanati, nenda mchana foleni ikipungua, umwamkie sista au kaka muuguzi, umwombe dakika kumi. Usimuulize mshahara kwanza. Muulize ni mgonjwa gani hajamsahau, na siku ile alikuwa zamu na nani.