Saa Mbili Zilizo Mbali Hulinganishwaje?

Sisi wa Momela jua hutujifichia nyuma ya Mlima Meru kabla halijachwa. Kwa hiyo mwezi wa Ramadhani hatufuturu kwa kivuli cha mlima. Wala hatufuati adhana ya redio kutoka Dar es Salaam, ambako jua hutangulia kuchwa kwa wastani wa dakika 10 hivi. Tunatazama ratiba ya hapa petu na saa. Je, saa yenyewe tutaijuaje kuwa ni sahihi?

Saa hupimwa kwa saa nyingine. Saa za atomu, zilizo bora kuliko zote, zikiwa mbalimbali hulinganishwa kwa mawimbi ya redio kupitia setilaiti. Kwa zile mpya kabisa mawimbi hayo hayatoshi, ndipo wataalamu wakatumia mwanga wa leza upitao hewani. Hewa huuyumbisha mwanga, ndiyo maana nyota humetameta. Basi hutumwa mwanga huku na huko kwa wakati mmoja, na katika hesabu myumbo wa kwenda hufutana na wa kurudi. Mwaka 2022 wanasayansi wa China walitangaza kuwa wamefanya hivyo kwa umbali wa kilomita 113.

Toka Meru hadi Kibo ni kama kilomita 70 tu! Saa ya Kibo (mita 5,895) ingeitangulia ya Meru (mita 4,566) kwa takriban sehemu 12 za bilioni ya sekunde kila siku, kwani wakati huenda kasi zaidi kadiri unavyopanda juu, kama alivyoeleza Einstein.

Futari haihitaji hesabu hiyo. Lakini saa ya ukutani ya madrasa yetu tuliikuta Shaabani inatangulia dakika 4. Tumekwisha kuirudisha.