Kuosha si Kuua Viini: Utunzaji wa Vifaa vya Faragha

Katika mazungumzo ya kila siku, kuosha na kuua viini huelekea kutumiwa kana kwamba ni visawe. Kuhusu vifaa ambavyo watu wazima hujiburudisha navyo faraghani, mkanganyiko huo una hatari zake. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2014 ulibaini kuwa baadhi ya vifaa vya mpira laini bado vilikuwa na chembe za HPV, virusi vinavyoweza kusababisha saratani ya mlango wa kizazi, siku moja baada ya kusafishwa. Vya silikoni, kwa muda uo huo, havikupatikana nazo.

Tofauti hii inatokana na malighafi. Mpira laini una vitundu visivyoonekana kwa macho, navyo huhifadhi unyevu na viini. Kifaa cha aina hiyo hakifai kuazimanwa, na ni heri kivishwe kondomu mpya kila kinapotumiwa. Silikoni halisi haina vitundu hivyo, kwa hiyo huweza kuchemshwa dakika chache, almuradi kifaa hakina mota wala betri. Chenye mota hupanguswa kwa kitambaa chenye maji vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kisha hukaushwa kabisa.

Vilainishi navyo vina yake. Cha silikoni huweza kuharibu kifaa cha silikoni. Cha mafuta hudhoofisha kondomu ya mpira ikapasuka. Cha maji hakina madhara hayo. Kifaa kilichoanza kunata au kufanya nyufa hakioshwi tena; hutupwa.